Udongo wa Kona ya Tatu

Kila asubuhi, kabla ya kahawa, Bibi Thora alitoka nje na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Alivuka ua, akapita nyuma ya zizi, akafungua lango dogo la waya na kwenda moja kwa moja hadi kona ya tatu ya uwanja wetu wa mbio za magari. Pale alikandamiza kisigino kitupu kwenye udongo, akakizungusha kidogo kama mtu anayezima sigara, akaitazama alama iliyobaki. Halafu akavaa kiatu na kurudi jikoni. Alichokiona hakumwambia mtu. Sisi tulikijua kwa alichofanya baadaye. Akienda kwenye boza la maji, udongo ulikuwa na kiu. Akipanda trekta, ulikuwa umefunga na unataka kufunguliwa. Akijimiminia kikombe cha pili, basi siku hiyo udongo uachwe.

Mimi ni mjukuu wake, nimeishi naye nyumba moja tangu nizaliwe. Homa ilinilaza mwaka mzima na baada yake sikurudi shule, kwa hiyo wenzangu walipokuwa darasani mimi nilikuwa dirishani, na dirisha letu linatazama uwanja.

Uwanja wa Haugen uko bondeni, magharibi ya Wisconsin, pale kijito kinapokata shamba letu. Kipande kile hakikuwahi kufaa kwa mahindi. Udongo wake ni mweusi unaoelekea ubuluu, unanata, ukilowa unamvua mtu buti na kubaki nalo. Babu Selmer alikilaani miaka mingi. Vita vilipokwisha, vijana walirudi wakiwa hawawezi kukaa kimya, wakawa wanashindana barabarani na magari ya baba zao, hadi mmoja akaingia na gari ndani ya banda la kanisa letu la Kilutheri. Babu akasema kama wanataka kuvunja kitu, waje wavunje udongo wake. Alifunga bamba la chuma nyuma ya trekta, akakwangua duara refu lenye kona nne, akabomoa ghala la zamani na kutengeneza majukwaa kwa mbao zake. Mwaka 1949 magari yakaanza kuzunguka. Ni magari yaleyale ya barabarani, yaliyokwisha kuchakaa. Wanayavua vioo na viti, wanayafunga mabomba ya chuma ndani ili yakipinduka dereva asipondwe, wanaandika namba mlangoni kwa brashi ya kupaka rangi ghala. Mbio ni Jumamosi jioni, na hazina saa. Zinaanza ng'ombe wa watu wakishakamuliwa.

Babu alikuwa mtu wa kipaza sauti. Alipenda kutangaza, kutania, kupigapiga watu mabegani. Udongo alimwachia Bibi, maana hakuna mwingine aliyeutaka. Msimu wa kwanza vumbi lilikuwa jingi kiasi kwamba watazamaji walijua nani kashinda kwa kuuliza. Mashuka ya majirani yaliyosahaulika kwenye kamba yaligeuka rangi ya kahawa, na kanisani benchi la Bibi likawa na nafasi pande zote mbili. Hakulalamika. Alianza kwenda kona ya tatu asubuhi na kuvua kiatu. Alimwaga maji akakosea, akalima akakosea, akashindilia akakosea, mpaka ukafika msimu ambao magari yalizunguka jioni nzima na shati jeupe likabaki jeupe. Watu walisema Selmer Haugen anajua kuutengeneza uwanja. Babu naye hakuwasahihisha.

Alipofariki, majira ya baridi, kila mtu alijua uwanja umekwisha. Mwezi wa tano mchungaji alikuja kumpa Bibi pole nyingine akamkuta juu ya trekta, ikabidi atembee pembeni akiongea huku Bibi analima. Jumamosi ile tulifungua.

Tangu hapo Bibi akawa na mahali pake. Mbio zikianza alisimama nyuma ya uzio wa kona ya tatu, kando ya dumu la maziwa lililopinduliwa na kutandikwa blanketi, ambalo hakulikalia. Madereva walijifunza kumsoma. Bibi akiwa na mikono mfukoni, udongo unashika, kanyaga mafuta. Akiikunja kifuani, kona inateleza, jihadhari. Walikuwa wanaingia kona ile kwa kasi ya kutisha, gari limelala ubavu, na bado jicho moja liko kwa mwanamke mfupi mwenye koti la marehemu mumewe. Hakuwahi kuingia kwenye ua wa mafundi, kule magari yanakotengenezwa. Huku kwetu mwanamke haingii humo, wanasema ni mkosi, sawa na gari la kijani au kula karanga karibu na injini. Bibi alikuwa mwenye uwanja na bado aliishia kwenye mstari wa chokaa uliochorwa mpakani mwa ua ule.

Majira ya kuchipua ya mwaka 1966 alianguka akishuka kwenye trekta, akaumia goti. Halikupona vizuri. Ndipo Baba, Norval, mwanawe wa pekee, alipomkalisha mezani.

"Mama, tuongee."

"Ongea." Bibi alikuwa anapaka siagi kwenye mkate wa viazi, anaukunja taratibu.

"Tuweke lami."

"Wapi?"

"Uwanjani. Kila mahali wanaweka siku hizi. Hakuna vumbi, hakuna matope. Mvua ikinyesha unasubiri ikauke, basi. Lami haimtaki mtu."

"Na udongo unamtaka nani?"

"Unakutaka wewe," Baba alisema. "Na wewe una goti moja. Siku ukiondoka, nitaukanyaga ule udongo kwa kisigino mpaka nizeeke na sitajua unasema nini. Nimejaribu, Mama. Unajua nimejaribu."

Ni kweli alijaribu. Baba anaweza kuisikiliza injini kutoka barabarani akakwambia kidude gani kimelegea, lakini kwenye udongo alikuwa kama mtu anayesoma gazeti akiwa amelishika juu chini.

Bibi alikula mkate wake hadi mwisho. "Ng'ambo ya mto waliweka lami," alisema. "Nilikwenda kutazama. Magari yanafuatana kama bata wanaokwenda majini, hakuna anayempita mwenzake. Vijana wenye magari ya shambani wameacha, lami inakula matairi. Mwaka wa tatu watazamaji waliobaki walikuwa paka." Akajifuta vidole. "Na ukishaufunika, Norval, umekufa. Ukija kuufukua utakuta kokoto."

"Basi nipe mtu anayeujua."

"Lavonne ataujua."

Mama yangu alikuwa kwenye sinki, ametupa mgongo. Aligeuka na bilauri mkononi. "Mimi?"

"Kuna Lavonne mwingine hapa?"

"Mama, mimi nakaanga jibini na soseji."

"Nawe hujawahi kuunguza."

Baba alicheka. Hakucheka kwa dharau, ila alicheka. Bibi akamwacha amalize. Kisha akasema kwamba mbio kubwa za Agosti, zile za wiki ya maonyesho ya mifugo, ambazo bonde zima huja, uwanja utatengenezwa na Lavonne peke yake. Vumbi likiinuka kabla ya mzunguko wa mwisho, au magari yakikwama, Norval aite watu wa lami kesho yake na Bibi mwenyewe atawaandalia kahawa. Lakini ukishika mpaka mwisho, neno lami lisitajwe tena katika nyumba ile.

"Sawa," Baba alisema.

"Nipe mkono."

Wakapeana mikono juu ya sahani ya siagi. Mama alikuwa bado ameshika ile bilauri. "Na mimi naulizwa lini?" alisema.

"Unaulizwa sasa," Bibi akamjibu.

Mama aliiweka bilauri chini. Ametoka nyumba ya watoto wa kike pekee na anajua kulima, lakini kwetu aliwekwa kwenye kibanda cha chakula siku aliyoolewa na hakuna aliyefikiria kumtoa. "Nani atakaanga?" aliuliza.

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake.

Wiki za kwanza walikaribia kugombana. Bibi alikuwa anakwenda kona ya tatu na Mama nyuma yake. Bibi anakanyaga, anatazama, ananyamaza.

"Sasa umeona nini?" Mama anauliza.

"Wewe umeona nini?"

"Nimeona mguu wako."

"Basi vua na wewe."

Mama akavua, akakanyaga, akatazama. "Naona mguu wangu."

"Ni mwanzo," Bibi akasema, akarudi nyumbani akichechemea.

Mama alikuwa anakuja jikoni amewiva kwa hasira. Aliniambia mimi, maana Bibi hakuwapo, "Anataka nini, nisikie sauti kutoka mbinguni? Aseme tu, maji kiasi hiki, rola mara ngapi, nifanye." Nilimwambia labda hajui kulisema. Mama akaacha kukanda unga, akanitazama. "Labda," alisema.

Kesho yake alikwenda uwanjani na kisu cha keki. Kile chembamba kirefu, anachochomea keki kuona kama imeiva katikati. Alipiga magoti kona ya tatu, akakichoma hadi mpini, akakichomoa na kukitazama kwenye mwanga. Inchi ya juu kilitoka kikavu. Chini yake kilitoka na udongo umegandia, unang'aa. Akakichoma kona ya kwanza, akakichoma kwenye mnyooko mbele ya majukwaa. Alizunguka uwanja mzima hivyo, kisu kwenye mfuko wa aproni. Bibi alimwona kutoka barazani. Siku ile alikunywa kikombe cha pili hali uwanja ulikuwa na kiu, na boza likaachwa limngoje Mama.

Kufikia Juni, Mama ndiye aliyelima, akamwagilia, akashindilia. Alikosea, lakini alikosea kidogo. Alijua sasa kwamba maji ya juujuu ni uongo, yanaupaka udongo rangi tu, na kwamba udongo unatakiwa unyweshwe mapema, siku kadhaa kabla, ulimwe, unyweshwe tena, halafu ufungwe ili maji yapande yenyewe pole pole wakati wa mbio. Alikuwa analieleza hilo mezani kwa kijiko na bakuli la rojo ya viazi, Baba anatazama bila kula.

Halafu ikaja ile Jumamosi ya Julai.

Mama alikuwa ameutayarisha vizuri. Adhuhuri alikagua na kisu, akaridhika, akaenda kibandani kuchemsha mafuta, maana wa kumpokea kazi kule alikuwa bado hajapatikana. Mimi na Bibi tulikuwa barazani tunamenya njegere. Jua lilikuwa kali na upepo mdogo uliinua vumbi jepesi kwenye mnyooko, vumbi la kupulizwa tu. Tukasikia boza likiwashwa. Baba alikuwa juu yake. Alizunguka uwanja wote akimwaga maji, akazunguka tena, taratibu, kwa uangalifu kabisa, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

"Bibi, Baba anamwaga maji," nilisema.

"Naona."

Mikono yake ilisimama juu ya bakuli. Kisha ikaendelea kumenya.

Jioni ile kona ya kwanza ilimeza magari matatu katika mzunguko wa kwanza. Trekta iliyovuta la kwanza ikakwama na yenyewe. Watu walikaa majukwaani wakitazama wanaume wakisukuma, na matope yakiruka hadi kwenye soseji zao. Mbio za mwisho tulizifuta. Elroy Pahnke, ambaye ni bingwa wetu na ana ng'ombe wengi na mdomo mkubwa kuliko ng'ombe wote, alikuja mpaka kibandani na nyusi zimejaa udongo, ameshika bakuli la karatasi lililojaa matope.

"Shemeji," alimwambia Mama, "nimekuja kukurudishia chombo. Uji ulikuwa mwingi, nimeshindwa kumaliza."

Foleni nzima ikacheka.

"Nitakufungia uende nao kwa mkeo," Mama alisema, akaendelea kukaanga. Masikio yake yalikuwa mekundu.

Jumapili baada ya kanisa alikwenda uwanjani na nguo zake nzuri. Alizunguka akiangalia chini. Boza letu lina matairi mawili mawili nyuma, na alama zake zilikuwa zimebaki pembeni, kule magari hayakufika. Aliporudi Baba alikuwa mezani na gazeti.

"Jana ulipanda boza," Mama alisema.

Baba alikunja gazeti. "Niliona vumbi."

"Uliona la juu."

"Lavonne, nilitaka kukusaidia. Uwanja ungekauka, kila mtu angesema ni wewe."

"Na sasa wamesema ni nani?"

Sidhani Baba alifanya kwa hila, na Mama hakudhani hivyo. Alitaka lami, lakini hakutaka mkewe achekwe, na katikati ya mambo hayo mawili akapanda boza. Mama alimwacha akamgeukia Bibi, aliyekuwa kwenye kiti chake na mguu juu ya stuli.

"Mama, ulimwona?"

"Nilimwona."

"Ukanyamaza."

"Ningemzuia," Bibi alisema, "angeshuka kwa ajili yangu. Safari ijayo angepanda tena mimi nisipokuwepo."

Nilidhani Mama atalia, lakini alikwenda kwenye msumari uliokuwa mlangoni, akautoa ufunguo wa boza, akaufunga kwenye kamba ya viatu na kuuvaa shingoni ndani ya nguo. Kuanzia siku ile Mama hakumuuliza Bibi kitu chochote kuhusu udongo, na Bibi hakwenda tena kona ya tatu asubuhi. Goti, alisema. Lakini kwenda kwenye banda la kuku aliweza.

Kilichobaki kilikuwa Jumamosi jioni. Bibi alisimama mahali pake nyuma ya uzio, na madereva waliendelea kumsoma. Mama angekwenda kwenye mstari wa chokaa aseme, kona ya pili leo inateleza upande wa juu, mkikanyaga mafuta piteni chini. Nao wanaitikia kwa kichwa kwa adabu, halafu wanageuka kutazama kona ya tatu, mikono ya Bibi iko wapi. Siku moja Elroy alimwambia kabisa. "Shemeji, wewe sema yako. Mimi namwangalia Bibi." Alisema bila ubaya. Bibi alikuwa karibu, alilisikia. Usiku nilimfungia bandeji ya goti, akaniuliza, "Nikiwa pale, wanamtazama nani?" Nilimwambia, "Wewe." "Hata nikifumba macho?" "Hata ukifumba." Akatikisa kichwa, akaniambia nikaze zaidi.

Wiki ya maonyesho ikafika. Upepo wa magharibi ulivuma siku nzima kila siku, mkavu, ule unaokunja majani ya mahindi. Watu mjini walikuwa wanasema Jumamosi tutakula vumbi. Baba alikuwa hatulii, anatoka anaingia. Mama alilima kwa kina, akanywesha, akalima, akanywesha, na Ijumaa akafunga uwanja kwa rola na kuuacha utulie. Hakuna aliyeruhusiwa kupita, hata mbwa. Kibandani aliweka dada wawili wa kanisani, akawaambia jibini ikiwa ya kahawia mmechelewa.

Jumamosi majukwaa yalijaa mapema, watu wakakaa hadi kwenye mikia ya malori. Na pale ng'ombe walipokuwa wakikamuliwa, wingu moja dogo lisiloalikwa lilipita juu ya bonde, likamwaga mvua fupi, likaenda zake. Haikufika hata kulowesha chini ya miti. Lakini uwanja ulibaki unang'aa kama sahani.

Mama alipiga magoti kona ya tatu na gauni lake safi. Kisu kilitoka kimelowa juu, chini kiko sawasawa. Alirudia kona zote. Kisha akaja mpaka mstari wa chokaa, akasimama pale, magari yote mbele yake injini zimezimwa.

"Mtashindilia," alisema. "Magari yote. Taratibu, upana wote, mpaka maji ya juu yaingie. Nikiona panafaa nitasema."

Kushindilia ni kuzunguka pole pole ili matairi yaukande udongo. Hakuna dereva anayeipenda kazi hiyo, maana matope yanaganda kwenye gari na uzito unaongezeka. Elroy alikuwa amepaka rangi mpya kwa ajili ya maonyesho, nyekundu, mkewe amemwandikia namba kwa mkono.

"Shemeji, tukianza tu hiyo mvua itaruka yenyewe," alisema. "Mzunguko mmoja wa mbio imekwisha."

"Itaruka na udongo wa juu. Nusu ya mbio mtakuwa kwenye vumbi."

Baba alikuwa ameshika bendera ya kijani chini ya kwapa. Juu majukwaani walikwisha kuanza kupiga mbao kwa miguu, wote kwa pamoja. "Lavonne," alisema kwa sauti ya chini, "watu wanasubiri. Ni wingu tu. Tuanze."

"Hatuanzi."

"Utafanya jua lizame tukiwa tunazunguka kama ng'ombe wa kinu?"

"Lizame. Hatuanzi."

Baba aligeuka. Elroy naye aligeuka, na wale wengine wote, waliokaa kwenye boneti na waliosimama milangoni, wakageuka kutazama kona ya tatu, kwenye lile dumu la maziwa. Hata Mama aligeuka. Nilikuwa karibu na Bibi, niliona nyuso zote zinavyofika kwa pamoja. Elroy akapaza sauti. "Bibi Thora, sema wewe. Tuanze au tusianze?"

Mikono ya Bibi ilikuwa mfukoni mwa koti. Aliitoa. Kwa kitambo kidogo hakuna aliyejua itakwenda wapi, na mimi sikujua kama alikuwa anakubaliana na Mama au hapana. Mpaka leo sijui. Alichukua blanketi kwenye dumu, akalikunja mara mbili, akalitia chini ya kwapa. Akaanza kutembea kando ya uzio kuelekea lango kubwa, akichechemea, bila haraka.

"Mama," Baba aliita. "Mama, unakwenda wapi? Sema neno kwanza."

"Umeshaambiwa neno," Bibi alisema. Hakusimama.

Nitasema kwanza yaliyotokea kule nyuma, kwa sababu ni mafupi. Baba alibaki ameduwaa na bendera yake. Mama alitazama mgongo wa Bibi, kisha akatazama mstari wa chokaa chini ya viatu vyake, akauvuka. Hakuna mwanamke aliyewahi kuuvuka. Alipita katikati ya magari hadi kwenye lile jekundu, akagonga paa kwa mpini wa kisu. "Elroy Pahnke, wewe ni wa kwanza. Washa." Elroy alimtazama, akatazama kona ya tatu ambako hakukuwa na mtu, akatazama tena hapa. "Ukinichafulia namba, shemeji, mke wangu atakuja kwako," alisema, akawasha. Walishindilia hadi jua likagusa kilima. Halafu Mama akamwambia Baba, "Sasa," na Baba akainua bendera. Uwanja ulishika jioni nzima. Magari yalipitana juu na chini, na mzunguko wa mwisho Elroy alipitwa kwenye mstari wa kumalizia na kijana wa mashambani mwenye gari la baba yake, na hakuna aliyehitaji kuuliza nani kashinda. Kesho yake Baba alikunywa kahawa yake, akaenda kupigilia mlangoni msumari mwingine wa kutundikia ule ufunguo wa boza, chini zaidi, pale Mama anapoufikia vizuri. Lami haijatajwa tena nyumbani kwetu.

Bibi hayo hakuyaona. Wiki ileile alihamia kwa dada yake Borghild, ng'ambo ya Mississippi, na Mama alipokwenda kumbembeleza arudi alimkuta anachuma maharage, akampa kapu amsaidie. "Nikirudi watageuza shingo," alimwambia. "Ukitaka kuniona njoo hapa." Basi tunakwenda huko.

Mimi jioni ile nilimfuata hadi langoni, nyuma kidogo, bila yeye kuniita wala kunifukuza. Injini zilikuwa zimeanza kuwaka nyuma yetu, nzito, za mwendo wa taratibu. Hakugeuza kichwa. Langoni alikaa Ardis Moen, jirani yetu, anayekata tiketi na kuwagongea muhuri mkononi wanaotoka kwa muda, ili waruhusiwe kuingia tena.

"Thora," alisema, "mbio hata hazijaanza. Lete mkono."

"Usijisumbue, Ardis."

"Kila anayetoka namgongea. Hata mchungaji."

"Usinigongee mimi."

Ardis alibaki ameinua muhuri. Bibi alilihamisha blanketi kwapa la pili, akapita kati ya nguzo mbili za lango, akashika barabara ya mahindi kupanda kilima, na mimi nikabaki upande wa ndani.